Gunia la Chumvi ya Ivuna

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa mlio wake kabla sijaikumbuka kwa sura. Mwiko wangu uligonga gunia lililoning'inia jikoni, likalia ko! kama mtu amebisha hodi mlangoni. Nikasimama hapo na ugali wangu unaungua. Tangu lini gunia la chumvi likabisha hodi?

Nimekumbuka hayo kwa sababu jana nilikusikia ukibishana na wenzako juu ya gunia la kupigia ngumi mnalotaka kulinunua Tunduma mje kulitundika hapa nyumbani. Kila mmoja anataka lililo zito kuliko yote. Mliniona nacheka peke yangu, mkadhani bibi anacheka uzee. Nilikuwa namcheka babu yenu. Kaa hapa nikusimulie, na hiyo redio ipunguze kidogo.

Wakati huo Mwingereza ndiye aliyetawala, nami nilikuwa bibi harusi mgeni hapa Igamba, Mbozi, hata mwaka sijamaliza. Kwetu ni Ivuna, bondeni, kwenye chumvi. Babu yenu Lameki alikuwa mpasua mbao, kijana mrefu, mwenye mkono wa kulia uliosemwa kijiji kizima. Mkono huo ndio ulioshika msumeno, na ndio uliolima kahawa changa ya mama yake mjane. Mwanamume mwingine katika nyumba hii hakuwepo. Lishike hilo, maana ndilo lililokuwa hatarini: mkono ule ukivunjika, sote tunalala njaa.

Baba yake mdogo, Yotamu, alifanya kazi ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba, na huko alikuwa bondia. Alikuja kututembelea na mkewe kabla ya mvua. Asubuhi moja akatoka uani, akavua koti, akaanza kupigana na hewa. Mimi nilikuwa jikoni nachungulia kwenye upenyo wa ukuta wa miti. Mtu mzito vile, lakini miguu yake haikutoa sauti. Ngumi ndizo zilizosikika, fu, fu, fu, kama mama anapepeta mahindi. Kuku walikimbilia chini ya ghala. Nilishika kifua changu kwa mikono miwili. Sikuwa najua kwamba Mungu ameweka kitu kama hicho ndani ya binadamu, na mpaka leo nikikifikiria mwili unanisisimka.

Utauliza kwa nini nilichungulia. Mwanangu, baba mdogo wa mume ni baba mkwe, na heshima ya wakati ule haikuwa mchezo. Mkwe hakai alipo baba mkwe, hamtazami usoni, hamsemeshi. Akija njiani, wewe unaingia majanini mpaka apite. Ninyi siku hizi mnakula nao meza moja na mnagombania paja la kuku. Hayo ni yenu.

Jambo moja tu la Yotamu lilinikera. Kila asubuhi mkewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, naye amesimama amenyoosha shingo. Nikajisemea, haya majivuno ya mgodini yamezidi.

Lameki akambembeleza amfundishe. Yotamu akamwambia, "Shona gunia. Jaza matambara. Liwe jepesi, uanze panono panono." Neno hilo alilitoa kwa Wabemba, maana yake pole pole. "Mvua zikiisha nitarudi. Nikikukuta na mkono mzima, tutaanza kazi."

Kijana na pole pole, mwanangu, ni maji na mafuta. Mgeni alipoondoka tu, Lameki akaanza.

"Matambara? Tabitha, mimi nipige matambara, mimi mtoto? Nataka kitu ambacho baba mdogo akikiona atasema kweli huyu ni mwanamume."

Akazunguka nyumba nzima akitafuta kitu kizito. Macho yake yakatua juu ya chumvi niliyopewa na mama yangu siku ya kuolewa. Chumvi ni nzito, akasema, haiozi, na panya hawaili. Mimi nikaona mume wangu ana akili nyingi sana. Niliunganisha magunia mawili, moja ndani ya jingine, nikayashona mwenyewe kwa uzi wa katani na sindano kubwa, mshono hata maji hayapiti. Nje kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo tukalitundika jikoni kwenye boriti. Akalipiga usiku ule ule. Chumvi ikasogea ndani, chwaa, ikambonyea. Akafurahi kama mtoto aliyepata mpira. Asubuhi akabeba msumeno akaenda msituni na wenzake, na kazi ya kule ikamweka muda mrefu.

Sasa sikiliza ujinga wetu ulipokuwa. Ivuna kuna joto. Chumvi ya kwetu unaiweka leo, ukija baada ya miezi unaikuta inamwagika vile vile. Huku Mbozi ukungu unaingia ndani bila hodi. Usiku moto ukizimika, lile gunia lilikunywa unyevu. Mchana nikiwasha kuni, likakauka. Likanywa tena, likakauka tena, nami napika zangu sijui lolote, mpaka siku ile mwiko ulipogonga.

Nililisukuma kwa kiganja. Halikubonyea. Nikachukua sindano yangu nikalichoma mahali nilipokuwa nimeipitisha kwa urahisi. Sindano ikapinda. Nikakaa chini nikalitazama gunia likining'inia juu ya moto wangu, limenyamaza, nikaliogopa. Nikasema Lameki akirudi, neno la kwanza atakalosikia ni hili.

Lakini hakurudi peke yake. Walikutana njiani na Yotamu, naye ametoka Tunduma kwa miguu, wakafika pamoja jioni. Mama mkwe alikuwa bado shambani. Niliposikia sauti ya mkwe wangu nikatoka jikoni mbio kwa mlango wa nyuma, nikajibana ukutani kwa nje. Lameki akanifuata kuchota maji mtungini.

"Lile gunia," nikamnong'oneza.

"Baadaye, Tabitha. Baba ananingoja."

"Lameki, lile gunia li..."

"Nimesema baadaye!" Akaenda na maji yake, anatabasamu.

Nikaweka jicho kwenye upenyo. Yotamu aliketi kwenye kigoda, amechoka, vumbi mpaka magotini.

"Umejaza nini humo?" akauliza.

"Utaona mwenyewe, baba. Kaa tu unitazame."

Lameki akavua shati. Akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka mgongo ukagusa ukuta, upande ule ule niliokuwa mimi. Ningeweza kumgusa kwa kidole. Nikaona bega la kulia likijikunja, na nilijua atapiga kwa nguvu zote alizotoka nazo msituni, kwa sababu alikuwa anatazamwa na mtu aliyetaka kumwiga. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa mkwe. Nilifundishwa na mama yangu, na shangazi zangu, na mama mkwe mwenyewe, kwamba sauti ya mkwe haiingii sikioni mwa baba mkwe.

Lameki akanyanyua ngumi.

"Usipige!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Usipige, ni jiwe!"

Mkono wake ukaganda hewani. Mimi nikaketi chini pale pale, nikajua nimejivunjia heshima katika nyumba ambayo hata mwaka sijamaliza.

Niliporudisha jicho upenyoni, Yotamu ndiye aliyetangulia kusogea. Alilikaribia gunia, akaligonga taratibu kwa kisigino cha kiganja. Ko.

"Lishushe," akasema. "Kata nyuzi."

Lameki akalishusha kwa taabu, akalisimamisha sakafuni, akakata mshono wangu kutoka juu hadi chini. Magunia yakabanduka kama maganda ya hindi bichi. Chumvi haikumwagika. Ilisimama. Mwanangu, ilisimama peke yake katikati ya jiko, kimo cha kiuno cha mtu, nyeupe, na moto ukiiangaza. Mwilini mwake zilikuwepo alama za kila uzi wa gunia, na ubavuni ule mshono wangu, mmoja baada ya mwingine, kama nilivyoushona. Ilikuwa chumvi ya mama yangu na hatukuitambua. Nimeona mengi katika maisha haya, nimeona hata ndege ikitua, lakini sijawahi kutazama kitu nikashangaa namna ile. Lameki alitoa sauti ndogo, akaketi.

Yotamu akanyoosha mikono yake yote miwili kwenye mwanga. Ndipo nilipoiona vizuri. Vidole vilipinda huku na kule, na vifundo vimevimba kama tangawizi.

"Jaribu kufunga vifungo kwa vidole hivi," akamwambia Lameki. "Nilipoanza, nilijaza mchanga na kokoto za mgodini. Nilitaka zito. Mifupa ikavunjika, ikaunga vibaya, nikaendelea kupiga kwa sababu ya kuogopa kuchekwa. Watu wananiogopa ulingoni, lakini asubuhi mke wangu ananivika kama mtoto."

Nililia pale nje. Nililia kwa sababu ya yale niliyowaza juu ya vile vifungo.

Lameki akajikaza. "Baba, tusamehe. Mke wangu amekosa, amesema mbele yako. Nitaleta kuku, nitalipa faini yake."

"Awe! Awe!" Ndivyo Wabemba wanavyosema hapana, naye aliisema kwa ukali. Kisha akageukia ukuta, akainamisha kichwa asinitazame, akasema nami kwa mara ya kwanza. "Mkwe wangu, faini ya nini? Ningekuwa na mtu wa kunipigia kelele namna hiyo siku ile, leo ningefunga vifungo vyangu mwenyewe."

Kesho yake tulishona upya. Tulikung'uta maganda makavu ya mahindi, tukachanganya na matambara, tukaongeza unga wa mbao wa Lameki baada ya kuuchekecha usibaki na kibanzi wala msumari. Likawa gunia ambalo niliweza kulinyanyua mimi mwenyewe, na Lameki akaona haya kidogo. Alilipiga miaka mingi. Bondia hakuwa, hilo nisikudanganye. Alijifunza kupiga na kuacha, ikatosha. Ile chumvi tuliibandua kidogo kidogo, sisi na ng'ombe wa jirani, na bandu bandu huisha gogo.

Basi nendeni Tunduma mkanunue, siwakatazi. Lakini anayeanza achukue gunia lisilozidi nusu ya uzito wake. Ukilibonyeza kwa kiganja likubali, na likikataa, liache dukani hata muuzaji akikusifia misuli. Kila baada ya muda lishushe ulikung'ute, maana vya ndani hushuka chini vikagandamana. Boriti iwe imara, na kamba uitazame kila siku, kamba hukatikia pembamba. Fungeni mikono yenu vitambaa. Mkiona mtu anawatazama, hapo ndipo mpige polepole zaidi. Na mtu wa nyumbani akipiga kelele, hata awe mdogo, hata awe mgeni, simamisheni ngumi kwanza, heshima mtaitafuta baadaye.

Babu yenu, Jumapili yake ya mwisho, alikaa ukingoni mwa kitanda akafunga shati lake la kanisani. Alichukua muda. Nilitaka kumsaidia, akanizuia, akamaliza hadi kifungo cha shingoni, kisha akanitazama akacheka. Tulijua sote wawili anacheka nini.

Mungu awape mikono ya kufanya kazi na ya kushika watoto wenu, na mkizeeka, vidole vyenu vijue bado njia ya kila kifungo.