Tunaenda Kutembea kwa Nani?

Kila asubuhi, katika nyumba ya ghorofa huko Schaerbeek, Brussels, Papa Zabuloni hufunga kamba za viatu vya kupandia milima, huzunguka meza ya chakula mpaka atokwe jasho, kisha huvivua na kukaa kando ya simu. Viatu alijinunulia mwenyewe, kwenye soko la Jumapili la kituo cha treni cha Gare du Midi. Safari ya viatu hivyo hajaikubali mpaka leo.

Nianze mwanzo. Furaha, binti yake, ni rafiki yangu. Tulifahamiana kwenye harusi ya Warundi, tulipowekwa meza moja, mimi wa Kigoma na yeye wa Bukavu, Kongo, kila mmoja akicheka Kiswahili cha mwenzake. Yeye anatunza wazee mjini Brussels. Mimi nafanya kazi Köln, Ujerumani. Mapema mwaka huu wa 1998 alinipigia simu. Alitaka twende watatu, yeye, mimi na baba yake, tukaone hifadhi za taifa za magharibi mwa Amerika: gari la kukodi, mahema, korongo la Colorado, majabali mekundu ya Utah, maji yanayochemka ya Yellowstone.

"Papa alifundisha géographie maisha yake yote," alisema. "Ile canyon alikuwa anaichora ku tableau ya darasa kila mwaka. Nataka aione na macho yake. Kuja tupange."

Ijumaa mchana nilipanda treni Köln. Tulipopita Liège mvua ikaanza. Mkobani nilikuwa na dagaa niliotumiwa na mama yangu, nimewafunga mfuko juu ya mfuko, na bado abiria wa mbele yangu alifungua dirisha akalowa.

Kituoni Gare du Nord, Furaha alinipokea, tukachukua tramu. Mlangoni kwao nilimwamkia baba yake: "Shikamoo, Papa."

"Eh! Batu ba Tanzania na shikamoo yenu," alicheka. "Jambo, maman. Ingia. Unaleta nini inanukia vile?"

"Dagaa wa Kigoma."

"Ndagala! Bon. Huyu njo mugeni wa kweli."

Jumamosi asubuhi tulitandaza ramani mezani. Furaha alipima njia kwa kidole. "Kutoka Bryce mpaka Yellowstone, vidole mbili. Tunatoka asubuhi, midi, saa sita, tuko pale."

"Zéro," alisema Papa bila kuacha kikombe chake. "Na kidole moja unavuka Ubelgiji yote. Angalia échelle, kipimo ya ramani, mutoto."

Tulifuta, tukapanga upya, na safari hii yeye ndiye aliyetuongoza. Ukucha wake uliufuata mto Colorado polepole, kona kwa kona, kama mtu anayesoma jina la ndugu yake. Niliamini mambo yamekwisha. Ndipo akaweka kikombe chini.

"Alors, kule tunaenda kutembea kwa nani?"

"Papa, hatuendi kwa muntu," alisema Furaha. "Tunaenda kutembea. Na miguu. Mu ma parc."

"Nimesikia. Kwa nani?"

"Kwa mawe!"

"Na mawe itatupikia?"

Tulicheka wote. Kosa lilikuwa la neno letu wenyewe. Kutembea ni kwenda kwa miguu, lakini pia ni kwenda kuona watu, na kwa mzee kama yeye hujatembea popote kama hakuna aliyekufungulia mlango akasema karibu. Nilianza kumweleza habari za viwanja vya kupiga hema na askari wa hifadhi. Alinisikiliza kwa adabu. Mara simu ikalia, naye akaifikia kabla mlio wa kwanza haujaisha. Walikuwa watu wa kazini kwa Furaha. Alimpa binti yake mkono wa simu, akarudi kitini, na ramani hakuiangalia tena.

Mchana mvua ilikatika, nikaenda naye kwenye bustani ya Parc Josaphat kujaribu viatu. Furaha alikuwa ameitwa kazini. Mzee alipanda mteremko vizuri, akazunguka bwawa la mabata, kisha akaketi kwenye benchi na kujifuta uso.

"Mara ya mwisho kutembea mbali," alisema, "ni kutoka Bukavu, vita ilipoingia. Mama Furaha alikuwa na viatu ya kanisa. Batu banasukumana. Miye nikafikiri yuko mbele, nikakaza mwendo. Labda naye alifikiri miye niko mbele."

Tangu siku hiyo hana habari zake. Alivuka mpaka peke yake, na baadaye Furaha alifaulu kumleta Ubelgiji. Namba ya simu ya Schaerbeek ameituma parokiani na sokoni kwao Bukavu, kwa mkono wa kila mtu anayerudi huko.

"Donc, maman, tukienda sisi wote, na yeye akapiga simu? Akishuka pale Gare du Midi na mufuko yake? Nani atamupokea?"

Nilitazama mabata. Asubuhi tulikuwa tumemcheka, naye alikuwa akiuliza jambo jingine kabisa.

"Nitampokea mimi," nilisema. "Nitachukua likizo yangu nikae kwenu. Nendeni wawili."

"Na canyon yako?"

"Imekaa pale siku nyingi, Papa. Itanisubiri."

Hakusema ndiyo. Alifunga kamba upya, ingawa hazikuwa zimelegea. "Unajua kupika sombe?"

"Kisamvu? Najua."

"Ba Tanzania munatia nazi. Yeye hapendi nazi."

"Kigoma tunatia mawese, Papa."

"Ah," alisema. "Bon."

Jumapili, kabla sijaondoka, alinifundisha mlango wao: unainua kitasa kwanza, ndipo unazungusha ufunguo. Kisha akanifundisha simu. Nisiseme allô, maana allô husema kila mtu. Niseme, "Hapa ni kwa Zabuloni," nisubiri, kwa sababu laini za kule huchelewesha sauti, na mtu akidhani hakuna anayemsikia atakata.

Kituoni Furaha alininunia. "Tulikuwa batatu, na sasa unajitoa!" Treni ilipoingia alinikumbatia mpaka mhudumu akapiga filimbi.

Nilikwenda Brussels kupanga barabara. Nilichojifunza ni kwamba mtu haondoki vizuri mpaka ajue nani amebaki mlangoni.

Jana Furaha alinipigia. Tiketi zinatakiwa kuthibitishwa wiki hii, na Papa hajajibu. Ila alitoka mwenyewe, akanunua mashuka mapya, akayatandika kwenye kitanda cha chumba kidogo.

"Nimemuuliza ni yako ao ni ya mama," aliniambia.

"Akasemaje?"

"Anasema, ni ya mugeni."