Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Mimi simwamini fundi. Hata leo kijana akija kunipakia rangi, naweka kiti mlangoni nakaa hapo mpaka amalize. Watoto husema ni uzee. Si uzee. Nilikuwa hivyo nikiwa kijana mwenye meno yote.

Shule niliiacha kabla haijaniacha. Nilianza kwa kubeba magunia ya samaki wakavu kwenye gati la Homa Bay, yakishushwa kutoka kisiwa cha Mfangano, halafu nikanunua yangu, nikawa nawauzia wachimba dhahabu kule Osiri. Kwa samaki hao nilijenga nyumba ya matofali pembeni mwa soko la Migori, uhuru ukiwa bado mpya. Matofali niliyachoma mwenyewe. Mabati niliyageuza moja moja dukani mpaka mwenye duka akanikasirikia. Lakini plasta sikuijua, na kitu nisichokijua kinanifanya nimtazame mtu mikono.

Fundi wa plasta alitoka Homa Bay. Kijana mkimya, shati safi hata akiwa kazini. Hilo la shati sikulipenda.

Siku ya kwanza alizunguka vyumba vyote akiangalia madirisha tu. Nikamuuliza kama amekuja kuuza vioo. Akasema kazi ya ukuta inachaguliwa kwa mwanga. Sebuleni jua la jioni linaingia dirishani na kupita ubavuni mwa ukuta mkubwa, kila kibonge kinatoa kivuli chake. Huo ukuta upigwe plasta nzuri, halafu upakwe niru, yaani simiti tupu iliyokorogwa na maji na kusuguliwa mpaka mkono uteleze. Chumba chetu mimi na mke wangu, plasta iliyosawazishwa kwa ubao na chokaa juu. Jikoni iachwe bila kulainishwa, moshi utaifunika. Na kile chumba cha nyuma chenye kidirisha kidogo, plasta ya kawaida, hata chokaa si lazima.

"Pale hakuna atakayeona," akasema.

Nikisikia hakuna atakayeona, hapo ndipo mimi nataka kuangalia.

Chumba hicho kilikuwa cha dada yangu mdogo. Kijijini msichana mkubwa angelala kwa nyanya, lakini sokoni nyanya hatukuwa naye. Baba alikuwa amekufa, kwa hiyo mtu wa kumwoa dada ilibidi apitie kwangu. Na mtu alikuwapo tayari: karani mmoja wa Oyugis, mwenye kalamu mbili mfukoni. Wazee wa kwao walikuwa wametuma habari kwamba watakuja kutuona baada ya mavuno. Hiyo niru ya sebuleni ilikuwa yao. Nilitaka wakae mbele ya ukuta unaong'aa, wasije wakasema wamemtoa msichana kwenye kibanda cha mtu wa samaki.

Dada mwenyewe sikumuuliza. Siku hizo sikuona la kumuuliza.

Kazi ikaanza, nami nikaanza kulinda. Nikiwapo, mifuko ya simiti nilifungua mimi na nilisimama juu ya mchanganyiko mpaka ukorogwe. Shida ilikuwa siku za kwenda Osiri. Kila nikirudi nakuta pipa la maji limekauka na dada yuko njiani na ndoo, akipeleka maji kwa fundi. Nikajua siri yake: anazidisha maji ili apunguze simiti. Nikamwambia mke wangu huyo mtu ananiibia. Mke wangu alikuwa anachambua dagaa wa omena, hakuinua kichwa.

"Baba watoto, huyo hana haja na simiti yako," akasema.

Nikaona na yeye ameshadanganywa.

Chumba cha dada kilikauka kwanza, na siku hiyo hiyo dada akaingiza kitanda na sanduku lake. Haraka hiyo niliiona. Sikuielewa.

Sebule ikaisha. Ilipendeza, sitasema uongo. Jioni jua lilipita ukutani kama linapita juu ya maji yaliyotulia. Majirani walikuja kugusa. Mimi nikangoja waondoke, nikachukua msumari, nikakwaruza chini karibu na sakafu, mahali ambapo kiti kingeficha. Niru ikabanduka kama ganda la yai, na nyuma yake mchanga ukamwagika mguuni kwangu. Nikakwaruza juu kidogo. Mchanga tena. Ukuta wangu wa wageni ulikuwa ngozi tu, ndani hamna nyama.

Basi simiti yangu iko wapi? Nilifungua mfuko wa baiskeli yake mbele yake, haimo. Nilikwenda kwenye chumba alichopanga sokoni, nikakuta nguo na Biblia. Niliuliza wenye maduka, niliuliza wajenzi wengine kama kuna mtu ameuziwa nusu mfuko. Hakuna. Kwangu nilikwaruza kila chumba, nikabakiza kimoja. Mwanamume haingii chumba anacholala dada yake aliyekwisha kuwa mwari. Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa hivyo. Na yule kijana alikuwa mtu wa kwetu, alijua sitaingia.

Asubuhi yake nikamwambia mke wangu atoe kitanda cha dada nje, na sanduku, na mkeka. Chumba kisicho na kitanda ni chumba tu. Dada akasimama uani karibu na vitu vyake, mikono kifuani. Nikachukua kioo cha mke wangu, nikasimama mlangoni, nikaliokota jua nikalilaza juu ya ukuta ule, kutoka pembe hadi pembe. Hapakuwa na kivuli hata kimoja. Niru, kuta zote nne, mpaka nyuma ya mlango. Nikaingia na msumari. Msumari ulipiga kelele, ukuta haukutoa hata vumbi.

Nikamwita fundi.

"Hapa tulisema nini?"

"Plasta ya kawaida."

"Na hii simiti?"

"Ni ya sebuleni kwako, jaduong'."

Aliniita mzee na tulikuwa karibu umri mmoja. Nikamuuliza sababu. Alitazama kitanda kilichokuwa juani kabla ya kunijibu.

"Wageni wa Oyugis watakaa sebuleni jioni moja waende. Huyu atalala hapa."

"Kwa hiyo umeniibia, halafu umenirudishia."

"Sikukurudishia wewe."

Mke wangu akaingia jikoni ili acheke vizuri. Mimi nilimgeukia dada, nikamuuliza kama alijua. Akaniuliza yale maji alibeba nani.

"Owadwa," akaniambia, na owadwa kwetu ni kaka, "karani sikumkataa kwa sababu hukuniuliza. Uliza sasa."

Sikuuliza. Nilikuwa na hasira, na jibu lilikuwa limepakwa kuta nne. Nikamwambia fundi atabandua sebule yangu mpaka kwenye tofali, ainunue simiti yeye, na apige tena nikiwa nimekaa hapo. Akikataa, njia ya Homa Bay anaijua. Akavua lile shati safi, akalikunja vizuri, akaanza kugonga.

Wazee wa Oyugis nikawatumia habari kwamba nyumba haijawa tayari. Walikasirika, wakaniita mtu wa samaki kama nilivyojua wangeniita. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu mlangoni, nikitazama mikono ya fundi. Siku zile zote sikuona mkono wake ukipunja, nami nilitafuta. Alipomaliza nilikwaruza juu, chini, nyuma ya kila kiti. Msumari ukapinda.

Ndipo nikamwambia awalete wazee wake. Walikaa mbele ya ukuta ule jua likiwa linapita. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, akausifu sana, akaniuliza niliokota wapi fundi kama huyo. Kijana wake akaangalia miguu yake. Nikamjibu kwamba mafundi ni wengi ila wanataka kulindwa.

Dada na fundi wake walipojenga kwao Homa Bay, nilikwenda kuwaona. Nilichinjiwa kuku, nikakalishwa sebuleni. Plasta ya kawaida, haina hata chokaa. Nikatoa msumari mfukoni. Yule mume wa dada akanisogezea kiti pembeni nipate nafasi.

"Kwaruza, shemeji," akasema.

Nikakwaruza. Ukuta ulikuwa mgumu. Nikaangalia mlango wa ndani, wa chumba chao, ulikuwa umefungwa. Nikamuuliza dada kule ndani wamepiga nini.

"Kitanda kiko ndani, owadwa," akasema, akaniongezea mchuzi.

Kwa hiyo chumba hicho sijakikagua mpaka leo.