Mkono Uliopanda Wenyewe

Mama mkwe wangu alikuwa na neno moja la kunieleza kwa watu, nalo ni mvivu. Alilisema kisimani, alilisema kanisani, hata kwa abiria waliochungulia madirishani garimoshi liliposimama stesheni ya kijiji chetu, Tura. "Mke wa mwanangu sura anayo, lakini jembe halimjui." Nami namsikia, nafura kama chatu. Kwetu Unyamwezi mwanamke husamehewa sura mbaya na hata ulimi mrefu, lakini uvivu hasamehewi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naumwa. Chini ya kitovu, ndani kabisa, kulikuwa na kitu kilichoninyonga siku kadhaa kila mwezi mpaka nikatapika, na siku zilizobaki kilikaa kikiguna tu. Msimu wa matuta, wanawake walipopanga mstari kulima kwa zamu, ngoma ikipigwa na majembe yakipanda na kushuka pamoja, mimi nilifika tuta la tatu nikapiga magoti. Mama mkwe alinipita bila kugeuza shingo. Yeye alijifunga mkanda wa kaniki chini ya nguo, umekazwa kwelikweli, na hakuna aliyewahi kumwona akipumzika.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita vikubwa vya pili. Mume wangu alikuwa katika kundi la watengeneza njia ya reli, mtu mpole, wa maneno machache. Mtoto hatukuwa naye bado.

Msinione mjinga, nilitafuta dawa. Mganga alisema mizimu ya ukoo inadai pombe. Tukaipika, na mizimu ikainywa kupitia vinywa vya wazee waliokuwapo, wakaimba vizuri sana, wakaenda zao. Maumivu yakabaki.

Palikuwa pia na zahanati ndogo, chumba kimoja na baraza, na dresa mmoja, mfunga vidonda na mgawa dawa wa serikali. Alikuwa msafi, mwenye huruma, anaosha mikono mara mbili. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alikuwa mjomba wa mume wangu, kwa hiyo alikuwa mkwe wangu. Nasi mkwe hatumtazami usoni. Ukikutana naye njiani unaingia majanini, unapiga goti mpaka apite. Sasa mtu wa namna hiyo utamweleza nini habari za chini ya kitovu?

"Panauma wapi, mwanangu?" aliuliza, naye akitazama ukutani kwa heshima yake.

"Tumboni, baba," nikajibu, na mkono wangu ukapanda wenyewe mpaka karibu na kifua, mahali ambapo mwanamke yeyote angeweza kugusa mbele ya mkwewe bila kuaibisha kwao.

Akanipa chumvi ya haluli. Mwezi uliofuata akanipa dawa ya minyoo. Kisha haluli tena. Hivyo hivyo kwa miaka minne. Sidhani kama Tanganyika nzima kulikuwa na mtu mwenye utumbo msafi kuliko mimi. Wala simlaumu, alitibu pale nilipomwonyesha.

Mwaka wa nne mama mkwe akamwambia mwanawe mbele yangu, "Matuta ya mwakani asipoyamaliza, mrudishe kwao. Nyumba haikai na mgonjwa asiye na ugonjwa." Mume wangu akanyamaza. Nilimchukia kwa kunyamaza kule kuliko nilivyomchukia mama yake kwa kusema. Nilimpenda, na kurudishwa kwetu kwa jina la uvivu niliona ni heri kufa.

Aliyenikomboa alikuwa mtani wangu, Mzaramo, mke wa mfanyakazi mwingine wa reli. Tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani wakipita nchini kwao, sisi na wao ni watani. Mtani hukutukana, hukunyang'anya kuku, hukucheka msibani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mimi nilimwita mchoma mkaa, yeye aliniita mpagazi. Alikuwa na sauti ya kuamsha kijiji, na alitembea akibinua miguu kama bata.

Siku moja akanikuta nimepiga magoti shambani.

"We mpagazi! Mzigo umekushinda?"

"Mchoma mkaa, niache nife."

"Kufa utakufa, lakini nionyeshe kwanza panapouma."

Kwa mtani hakuna haya. Nikauweka mkono pale penyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonyesha mtu. Akaacha kucheka.

"Na dresa ulimwonyesha hapo?"

Nikamweleza. Akaketi juu ya tuta, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Miaka minne anakuharisha kwa heshima! Nyinyi Wanyamwezi mtakufa na adabu zenu." Kisha akaenda moja kwa moja kwa mume wangu akamtukana, jambo ambalo mimi nisingeweza, na wiki ile ile pasi ya reli ikapatikana. Yeye mwenyewe akapanda garimoshi pamoja nami hadi Tabora. Alisema anataka kuhakikisha nakufa vizuri.

Hospitalini daktari alikuwa mama wa Kizungu, hajui Kiswahili cha kutosha. Mkalimani wake alikuwa mzee wa mvi, kanzu nyeupe, mpole. Nikainama. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Daktari anauliza, panauma wapi?"

Mtanicheka. Mkono ukapanda.

"Mwongo huyu!" Mtani alikuwa amesimama mlangoni, na baraza zima la wagonjwa likageuka. "Si hapo! Ni huku, chini, mji wa mimba! Akiingia mwezini anatapika, na mumewe akimkaribia analia! Mzee, mwambie mama daktari, huyu mpagazi anakuonea haya wewe!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akakohoa, akatafsiri kwa maneno machache kuliko aliyoyasikia, akatoka nje mwenyewe bila kuambiwa, akatuletea muuguzi wa kike. Daktari akanilaza, akabonyeza taratibu, akasogeza kidole, akabonyeza tena. Nilipiga ukelele nadhani ulifika stesheni.

Akasema neno. Muuguzi akanitafsiria: "Anasema ni kweli. Pana kitu."

Nikalia. Sikulia kwa maumivu, hayo nilikuwa nimeyazoea. Nililia kwa furaha kwamba mtu asiyenijua amenigusa na kusema ni kweli.

Walinipasua baada ya siku chache. Nilipopata nguvu daktari akanichorea kwenye karatasi: ile nyama laini inayotanda ndani ya mji wa mimba, kwangu imeota na nje pia, mahali pasipo pake, kila mwezi inatoa damu, na damu haina mlango wa kutokea. Alikata alichoweza. Alinionya kwamba huenda ikarudi, na kweli ilirudi, ila kwa unyonge, nami nilikuwa nimeshaijua. Akaandika jina lake, endometriosisi. Mtani akasema jina hilo ni refu kuliko garimoshi la mizigo.

Tulirudi Tura. Mtani akamchukua jogoo wangu bila kubisha hodi, haki yake. Mama mkwe akaniuliza, "Ugonjwa una jina?" Nikamsomea. Akataka nilirudie. Nikalirudia, polepole. "Haya," akasema, akaingia jikoni. Neno mvivu sikulisikia tena kinywani mwake, wala neno la kuniomba radhi.

Miaka mitatu baadaye homa ya siku nne ikamchukua mtani wangu. Msibani ni wajibu wa mtani kuchekesha watu, na mimi ndiye niliyekuwapo. Machozi yananitoka, nikavaa kanga yake, nikatembea kwa miguu ya bata mbele ya wanawake mkekani na wanaume uani, dresa mkwe wangu akiwa katikati yao. Nikapaza sauti yake: "Mwongo huyu! Si hapo! Ni hapa!" Na mkono wangu, mbele ya wote, nikaushusha mpaka pale pale.

Watu wakacheka hadi wakalia. Mkwe wangu akajifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika.

Mama mkwe naye alicheka, kiganja kimoja kinywani. Kiganja cha pili kilikuwa chini ya kanga, juu ya ule mkanda wa kaniki, kimeshika mahali nilipokuwa nimeshika mimi. Tukatazamana. Hakukitoa.

Nikaenda kuketi kando yake. "Mayu," nikamwita mama kwa Kinyamwezi, "tangu lini?"

"Tangu ujana wangu," akasema. "Mimi nilidhani kila mwanamke analima hivyo."

Arobaini haijafika, tayari tulikuwa ndani ya garimoshi la Tabora, mimi na yeye. Mzee wa mvi alikuwa bado yupo. Alipouliza panauma wapi, nikaona mkono wa mama mkwe wangu unaanza kupanda, nikaudaka.

"Si hapo, Mayu," nikasema, kwa sauti ya kusikika barazani.