Kliniki ilitutengea benchi ya nyuma, tukakataa kuikalia

Wakuu, habari za leo. Hii si hadithi ya rafiki ya rafiki. Ni mimi mwenyewe. Kama ni kutukana, soma kwanza mpaka mwisho.

Niko na kihoteli huku Mtito Andei, kwa stage ya malori. Napika muthokoi (mahindi ya kukoboa na maharagwe), chapati na mbuzi.

Niko na HIV tangu nikiwa na mimba ya msichana wangu Mutheu. Dawa sijawahi kuacha. Virusi hata havionekani kwa kipimo, na msichana yuko negative, saa hii ako high school. Hiyo siri ilikuwa yangu na mzee wangu.

Sasa, kliniki yetu (jina naacha) ilikuwa imetutengea sisi wa ARV benchi huko nyuma, karibu na choo, imeangalia barabara. Ukikaa hapo umejitangaza. Wamama walikuwa wanajifunika leso uso mzima na hilo jua. Wengine walikuwa wanaenda mpaka Voi kuchukua dawa mahali hawajulikani.

Siku moja dereva mmoja, customer wangu, akapita akaniona hapo. Kufika jioni stage yote ilikuwa inajua.

Wiki hiyo customers walinikwepa, nilimwaga chakula. Jirani yangu Kalekye, tumeuza pamoja miaka mingi, alinirudishia sufuria yangu akiwa ameishika na karatasi.

Karatasi, wakuu! HIV haipiti kwa sufuria. Haipiti kwa chapati. Watoto wa primary wanajua hii kitu.

Nililia, sitadanganya. Mzee wangu akasema tufunge hoteli, turudi kwao Ikutha.

Nikamwambia, "Baba Mutheu, Ikutha nitaenda kusalimia mama yako. Kuhama, sihami."

Siku ya kliniki iliyofuata nilifika mapema, nikaenda kwa wale wa benchi ya nyuma. Nikawaomba tukae mbele na wagonjwa wengine. Karibu wote walitazama chini.

Aliyesimama kwanza ni Mzee Mutua, anachunga mbuzi huko ndani vichakani. Alichukua kofia yake akaenda mbele akakaa. Wamama wakamfuata, leso zikiwa bado usoni.

In-charge wa kliniki akatoka. "Mama, hii line si yenu."

"Ni ya nani, daktari?"

"Mnajua procedure. Rudini nyuma."

"Procedure gani inatuanika barabarani? Tuhudumie hapa hapa, ama tukae mpaka mfunge."

Kuna mama alibeba mtoto wake akasonga mbali na sisi. Hapo ndipo Mzee Mutua akaongea, pole pole tu.

"Mke wangu aliacha dawa kwa kuogopa hiyo benchi. Nilimzika. Mimi leo sitoki hapa."

In-charge akarudi ndani. Baadaye tukaanza kuitwa mmoja mmoja, tumechanganywa na watu wa malaria na wa presha.

Hatukuachia hapo. Tulienda kwa kamati ya kliniki tukiwa kikundi, tukarudi tena, na tena, mpaka ile benchi ikaondolewa. Siku hizi dawa tunachukulia dirisha moja na kila mtu.

Si kila kitu kilikuwa sawa. Customers wengine walipotea kabisa. Kalekye bado ananisalimia akiwa mbali. Sawa tu, mimi napika na wenye njaa wanakula.

Nimejifunza nini? Siri yangu waliichukua bila ruhusa, na hiyo bado inaniuma. Lakini aibu yao nilikataa kuibeba. Pia nimejua peke yangu ningefukuzwa. Tulikuwa wengi, ndio maana walitusikia.

Kama uko mahali umeficha dawa zako ndani ya unga, nakuomba usiache kunywa. Tuandikie hapa chini, hata bila jina, tuko wengi kuliko unavyofikiria.

Na wewe unayetembeza siri za wagonjwa, comment pia. Tunataka kukujua.