Diski Kumi Zenye Sura ya Uwacu

Kwa Mama Délice, kule Kavimvira mjini Uvira, diski haitoki mlangoni kabla haijachezwa mpaka mwisho. Uwe mchungaji, uwe mwalimu, uwe bwana harusi mwenyewe uliyekuja mbio na pikipiki inakungoja nje, utaketi kwenye kiti cha plastiki na kutazama kitu chako chote, hotuba ya mjomba ikiwemo. Wateja hunung'unika. Wengine husinzia. Yeye hajali hata kidogo. Atakaa pale na miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akitazama harusi ya watu asiowajua kana kwamba yeye ndiye mama wa bibi harusi. Ikiisha atachukua kalamu ya wino mzito, ataandika jina juu ya diski kwa mwandiko wake wa kiofisi, ndipo atakuachia uende zako.

Jina lake ni Libérate. Alizaliwa Bwegera, kwa watu wa mpunga, na mpaka leo akipewa wali uliopikwa ovyo hukasirika kama aliyetukanwa. Alijifunza kupiga chapa, akafanya kazi miaka mingi katika ofisi ambayo siku moja ilifungwa tu, na Claude mumewe, fundi wa redio, ndiye aliyemletea kompyuta nyumbani ili asikae bure. Claude ndiye pia aliyemfundisha kuchoma diski, au kama wanavyosema mtaani, kugrave. Vijana wa mjini humcheka: nani anataka diski siku hizi, na simu zipo? Anawaacha wacheke. Wanakwaya wanazitaka. Wazee wa milimani wanazitaka, maana huko mtandao ni mpaka upande kilima kuutafuta, lakini lekta ya diski na plaque ya kuvuna umeme wa jua havikosekani nyumbani kwa mchungaji.

Kanuni ya kucheza mpaka mwisho ilianza baada ya Claude kufariki. Binti yao Délice alikuwa amemrekodi baba yake kwa simu, siku moja ya kawaida, akitengeneza mashine na kupiga domo. Baada ya mazishi Mama Délice akaichoma rekodi hiyo kwenye diski nzuri, yenye picha ya Claude imebandikwa juu, ile aliyovaa tai. Kompyuta ikamwandikia kwamba kazi imekwisha. Akaiamini. Akaifuta rekodi kwenye kompyuta, akaifuta na kwenye simu ili Délice aiuze simu hiyo. Jioni alipoiweka ile diski kwenye lekta, lekta ikatetemeka, ikakoroma, ikasema hakuna diski. Miaka sita sasa. Hakuwahi kumlaumu mtu mwingine. Aliamini alifanya haraka, basi, na diski ile akaifunga ndani ya kitenge, akaiweka chini kabisa ya sanduku.

Siku ya Jumatano asubuhi alikuja kijana mmoja mrefu, viatu vimejaa matope makavu, ameshika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Alijitambulisha kwamba anaitwa Ngoga, ametoka Bijombo, juu milimani, na kesho alfajiri lazima ashike njia ya kupanda.

"Maman, minye niko na kilio," alisema. "Dada yangu Uwacu alikufia hapa Uvira, tukamuzika hapa. Mama yetu alishindwa kushuka, miguu yake imekwisha. Siku ya posho, hii Jumamosi, njo tunamaliza kilio kule mulimani, na mama anaomba kitu kimoja tu: asikie sauti ya mutoto wake."

Sauti ilikuwamo kwenye kadi ya simu ya mwenzake Uwacu wa kwaya: video ya dakika ishirini na mbili za mazoezi, Uwacu akiimba, akikosea, akicheka. Lekta ya mchungaji wa Bijombo haina tundu la kadi wala la clé ya USB. Inakula diski peke yake. Na mama yao, Béatrice, masikio yake ni mazito, simu hata uibandike sikioni hasikii. Kwa hiyo ilikuwa diski au hakuna.

Ngoga akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na diski kumi mpya, na juu ya kila moja imebandikwa picha ya Uwacu, ya rangi, karatasi nene yenye kung'aa, anatabasamu huku tundu la katikati likimpita shingoni. Ndiyo mtindo wa siku hizi. Mtu akifa, sura yake huwekwa kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye kalenda, na kwenye diski pia. Familia ilikuwa imekubaliana diski zitagawiwa ndugu, mmoja mmoja, na sura ikiwa tayari juu yake.

"Ameisha kubandikwa tayari," Mama Délice alisema, akaisogeza moja karibu na miwani. "Alikuwa mutoto muzuri."

"Alikuwa muzuri sana, maman."

Akaitia ya kwanza. Mashine ikaanza kuzunguka, ikapandisha mlio, na ilipofika karibu nusu ya kazi ikasimama. Yale maandishi mekundu ya Kifaransa yakatokea: imeshindikana.

"Courant," alisema bila kuhangaika. Umeme wa Kavimvira anaujua tabia kama anavyojua tabia ya mkwe. Alitoka nje akamwita jirani yake Noella juu ya ukuta, akamwomba achomoe pasi. Noella akauliza ni kwa muda gani, maana ana sare tatu za shule za kunyoosha. Mama Délice akamwambia kuna kilio. Noella akachomoa pasi, akachomoa na jiko, akaja mwenyewe kusimama mlangoni kutazama.

Diski ya pili ikafia palepale ilipofia ya kwanza. Mama Délice akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akafungua kile kisahani cha mashine, akakunja pamba kwenye kijiti, akaichovya katika spiriti na kusafisha jicho lake taratibu, kama alivyokuwa akiwasafisha watoto masikio. Vumbi lilikuwamo kweli, la kutosha kupanda mchicha. Alifurahi kuliona, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kulaumu. Akaitia ya tatu.

Ikashindikana.

Ngoga aliinuka. Alizichukua zile tatu zilizoharibika, akazifuta kwa mkono wa shati, akazirudisha kwenye mfuko, sura juu. Mtu mwingine angezitupa. Yeye angetupaje uso wa dada yake kwenye pipa la takataka? Mama Délice alimwona akifanya vile, na kuanzia hapo akaogopa. Kila diski aliyoiharibu ilikuwa na msichana yuleyule akimtabasamia.

Kwa ya nne akapunguza mwendo wa mashine mpaka chini kabisa, kazi ya dakika kumi ikawa ya karibu saa nzima. Noella alikwenda na kurudi. Ngoga aliinamisha kichwa, midomo ikicheza, anaomba. Kompyuta ikaandika kwamba imekwisha, na Noella akapiga makofi.

"Ngoja," alisema Mama Délice. Akaitoa, akaiweka kwenye lekta yake ya zamani. Lekta ikatetemeka, ikakoroma. Hakuna diski.

Sauti ile ya kukoroma aliijua. Miaka sita hakuwa ameisikia na alikuwa anaijua. Akaketi.

"Mashini iko imekufa, mama?" Ngoga aliuliza polepole.

"Sijui, mwanangu. Kusema kweli sijui."

Kulikuwa na njia moja ya kujua. Ndani ya droo alibakiwa na diski moja tupu, nyeupe, isiyo na kitu juu, na mjini wiki ile hazikupatikana, wenye maduka walikuwa wanangoja mzigo. Akaitoa. Alipoitia kwenye mashine alikuwa ameacha kalamu yake mezani, kama kawaida. Asubuhi yote kalamu ile ilikuwa ikitembea. Kila diski ilipopandisha mwendo, meza ilitikisika na kalamu ikabingirika mpaka ukingoni, na yeye akairudisha pasipo kufikiri, mara nne. Sasa diski nyeupe ikazunguka, ikapandisha mwendo, na kalamu ikakaa pale pale ilipowekwa.

Mama Délice aliitazama ile kalamu. Kisha akautazama mfuko wa Ngoga.

"Zile picha," alisema. "Nani alizibandika?"

"Donatien, wa pale sokoni. Alibandika muzuri, maman, hata povu haina."

"Alibandika muzuri. Lakini karatasi iko nzito, na iko nzito upande moja kuliko upande ingine. Diski inazunguka mbio sana, inayumba kama pikipiki ya gurudumu yenye kupinda. Mashini haiwezi kuandika wala kusoma kitu chenye kutetemeka." Akajipiga paji la uso. "Na minye bantu wananirudishia diski kila siku, wananiambia imekwama, ninawaambia lekta yenu ni mbovu! Kumbe walienda kubandika picha kwao."

Noella alicheka sana. Mama Délice naye alicheka kidogo, halafu akakumbuka picha ya Claude na tai yake.

Diski nyeupe ilifika mwisho. Wakaiweka kwenye lekta na Uwacu akatokea, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, akiimba mbele ya wenzake na kupiga mguu chini. Walimtazama dakika zote ishirini na mbili. Ngoga alilia bila kujificha, na Mama Délice alimwacha alie, hakumwambia jikaze.

Baadaye alimwonyesha namna ya kusaidia zile sita zilizobaki. Ukizishika juu ya mvuke wa birika na kuwa na subira, karatasi inalainika, inavutwa, na diski ya namna hii chini yake haidhuriki. Basi angalau ndugu sita wangepata zao. Ngoga alipokea moja, akaweka kucha pembeni mwa picha, penye nywele za Uwacu. Akavuta kidogo. Akaacha.

"Mama, siwezi. Minye siwezi kupasula sura ya dada yangu."

"Basi usipasule."

"Na hii ya mweupe, mama yangu ataniuliza, uso iko wapi?"

"Utamupatia zote mbili. Moja ya kushika, moja ya kusikia."

Akaandika kwa kalamu, Uwacu, kwa herufi zake nzuri kuliko zote, akaitia diski nyeupe katikati ya zile kumi ili isikwaruzike njiani, akazifunga kwa kipande cha kitenge. Alfajiri ya kesho yake Ngoga alipanda.

Jumatatu simu ililia. Ngoga alikuwa amepanda kilima cha mtandao, upepo ukivuma ndani ya simu.

"Mama alisikia!" alipiga kelele. "Mchungaji alifungua sauti yote. Mama alikuwa ameshika ile ya picha hapa kwa kifua. Unajua alisema nini? Alisema: huyu mutoto angali anakimbiza wimbo, minye nilimukataza!"

Mama Délice alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu simu ikakatika, na nyumba ikawa kimya, na akajua hana tena kisingizio.

Alilitoa lile sanduku, akatoa kitenge, akakifungua. Claude alimtazama, na tai yake, mzito wa karatasi. Kwa hiyo haikuwa haraka. Miaka sita alijitukana kwa uzembe, kumbe aliiharibu kwa upendo, kwa gundi, kwa kutaka apendeze. Alikasirika, akamhurumia yule mwanamke wa miaka sita iliyopita, akawaza kwamba labda sauti ilikuwa imeandikwa kweli na ni mtetemeko tu uliozuia isisomwe, akabandika birika motoni.

Aliishika diski juu ya mvuke. Alimwelewa Ngoga vizuri sana wakati huo. Alianzia penye tai, kwa sababu tai ilikuwa ya kuazima. Karatasi ikaja polepole, kidevu, shavu, na pale kwenye macho ikachanika, akasimama, akaomba Baba Yetu yote, akaendelea. Mwishoni lilibaki sikio moja. Alilisugua kwa kitambaa chenye maji mpaka likaondoka.

Aliitia kwenye kompyuta. Ikazunguka. Kalamu mezani haikutikisika. Safari hii hakukimbilia kusikiliza, alinakili kwanza, mahali pawili, na njiani mashine ilikwama mara kadhaa ikajikwamua. Ndipo akabonyeza.

Kulikuwa na mikwaruzo, bisibisi ikigonga chuma, Délice mdogo akicheka. Kisha Claude, karibu kabisa, bila kuinua kichwa:

"Libé, funga mulango, vumbi inaingia mu mashini."

Mlango ulikuwa wazi kweli, upepo wa ziwa unaingiza vumbi la barabarani. Mama Délice aliinuka, akaufunga. Akarudi kwenye kiti cha plastiki, kile cha wateja, akakaa mpaka mwisho.