Kiboko Aliyeingia Handakini

Pale maktaba ya watoto walimwita Bi Gundi, naye hakuwahi kununa. Utamnunia nani, na vidole vyako vinanata tangu asubuhi? Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitabu vya picha: vilivyochanwa, vilivyomwagiwa maziwa, vilivyotafunwa na watu wenye meno manne tu. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, meza moja, dirisha moja, mawe mawili ya kukandamizia kurasa. Na alikuwa na ugonjwa wa mafundi wote wa kujalidi: akiona kitabu kimepungua ukurasa, hatulii. Atasaka nakala nyingine, atautoa kopi, ataubandika mpaka ukae.

Nyumbani aliishi na kaka yake, mkubwa wake kwa miaka mitatu. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja, marafiki wakapungua mmoja mmoja, hamu ya chakula nayo ikafuata. Kilichombakia kilikuwa kiboko. Utotoni walikuwa na kitabu kimoja tu, cha kiboko mwenye kofia aliyepanda treni nyekundu. Treni inaingia handakini, basi! Ukurasa wa mwisho hakuna, walikipata hivyo hivyo. Kaka akajipa kazi ya kumalizia. Leo kiboko katokea chini ya bahari, kesho katokea jikoni kwa mama yao, kaketi ndani ya sufuria. Dada alicheka mpaka akajikojolea, tena si mara moja.

Hata sasa, mdomo umepinda, kila jioni dada akirudi kazini alikuta hadithi mpya inamngoja. "Mdogo wangu, keti. Leo lile handaki kumbe ni mkonga wa tembo." Kuimaliza kulimchukua nusu saa, jasho linamtoka, lakini macho yalikuwa hai. Madaktari waliandika dawa zao. Bi Gundi alijua kinachomweka kaka yake duniani, na alijua siku kikikatika, hana kaka.

Jumatatu moja likaletwa boksi la vitabu vya msaada. Chini kabisa, jamani, treni nyekundu! Kurasa zote zipo. Mtu mwingine angesita, angejiuliza mawili matatu. Fundi haulizi. Fundi akiona pengo, anaziba. Aliomba ruhusa, akakibeba, akatembea njia nzima anacheka peke yake kama mwehu.

Alimfungulia kaka ukurasa wa mwisho. Kiboko kashuka kituo cha pili, katundika kofia msumarini, kajifunika shuka.

Kaka akautazama. "Kumbe alikwenda kulala tu."

"Ndiyo, kaka! Miaka yote hiyo!" Bado anacheka, masikini.

Kesho yake dada aliketi, akasubiri. "Haya, leo katokea wapi?"

"Si umeniletea? Alilala."

"Hiyo ya kitabuni. Mimi nataka yako."

Kaka alijitahidi, haki ya Mungu alijitahidi. Alifumba macho, midomo ikachezacheza, mshipa wa shingo ukamsimama. Halafu akafumbua. "Naona ile kofia msumarini. Nyingine haziji."

Wiki nzima ikawa hivyo. Chakula kinarudi kilivyokwenda. Siku ya saba Bi Gundi, ambaye hajawahi kuchana hata karatasi ya risiti, alikichukua kitabu mbele ya kaka yake, akaung'oa ukurasa ule kwenye mshono, akauchana vipande vipande, machozi yanamtiririka.

"Haupo tena, kaka. Umeona? Haupo. Treni iko handakini. Niambie inatokea wapi."

Kaka aliunyoosha mkono wake mzima, akampapasa kichwani taratibu, kama anavyobembelezwa mtoto aliyeanguka.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema. "Lakini nimeshauona."

Akageuzia uso ukutani.