Kitambaa Ambacho Sikukipima

Siku yangu ya kwanza kazini nilijificha nyuma ya mlango wa stoo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimefika mwaka wa nne wa sekondari, na shule yetu ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Mama alinipeleka kwenye kituo cha afya, hapa Kindu, akaniacha uani, akaenda zake sokoni. Aliyenikuta ni Titilere. Ndivyo tunavyomwita muuguzi mkuu wa kituo.

"Mutoto, uko unafanya nini huku?"

"Nangojea kazi."

"Kazi iko nyuma ya mulango?"

Wagonjwa wakacheka. Mimi nilitaka kulia. Nilikuwa mwenye haya sana. Mambo yangu niliyaandika kwenye daftari, sikuyasema.

Alinipa chumba cha macho. Matone ya dawa yalikuwa hayafiki tena mjini, maana treni ilikuwa imesimama na ndege zilibeba askari. Watu walikuja na macho yanayowaka na kukwaruza kana kwamba yana mchanga. Titilere alinieleza kwamba ukingoni mwa kope kuna vitezi vidogo vya mafuta, na mafuta hayo hufunika machozi yasikauke upesi. Vikiziba, jicho hukauka hata kama mtu analia kila siku.

"Umeona mawese asubuhi ya baridi? Inaganda ndani ya chupa. Unafanya nini?"

"Naweka chupa kwa moto."

"Ndani ya moto?"

"Hapana, Titilere. Karibu."

"Basi kope iko kama ile chupa."

Kwa hiyo tulitumia kompresi, yaani kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa. Ya uvuguvugu ililainisha mafuta: mgonjwa anafumba macho dakika kumi, unabadilisha kitambaa kikipoa, kisha unasugua ukingo wa kope polepole kwa kidole kilichooshwa. Ya baridi haikuyeyusha kitu, ila ilituliza muwasho na uvimbe. Barafu hatukuwa nayo. Maji yaliyochemshwa tuliyaweka kwenye mtungi kivulini. Na palikuwa na sheria moja ambayo Titilere hakuisamehe: kabla kitambaa hakijamgusa mgonjwa, unakiweka upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, unahesabu mpaka tano, kisha unakiweka kwenye kope yako mwenyewe.

"Mukono yako imezoea sufuria," alisema. "Kope haijazoea kitu."

Wiki ya tatu akaja komanda wa askari. Alikuwa ametoka njia ya kwenda mji wa Kama, siku nyingi kwenye vumbi, macho mekundu. Nyuma yake alikuwa mlinzi mmoja mwenye bunduki.

"Nataka matone," alisema.

"Matone hapana, mukubwa," Titilere akajibu. "Iko kitambaa."

"Kitambaa! Mimi niko meza?"

Titilere akamweleza yote kwa upole, mafuta, tezi, dakika kumi. Komanda alisikiliza mpaka neno la kufumba macho. Hapo akasimama.

"Mimi nifunge macho dakika kumi, hapa, kati ya watu sijue?"

Mwishoni njaa ya usingizi ilimshinda. Alituambia kwamba siku nne hajalala kwa sababu ya macho. Akaketi, akaamuru Titilere apige magoti karibu na mlango, mlinzi amwelekezee bunduki.

"Kitu kikinipata, unajua," alimwambia mlinzi.

Mlinzi akasema anajua.

Kisha komanda akafumba macho, wakamngojea mtu mmoja tu. Mimi.

Sufuria ilikuwa juu ya makaa. Nilichovya kitambaa, nikakamua, sikusikia moto wowote. Sikuhesabu. Sikukigusisha kwenye kope yangu. Nilitaka tu yaishe. Nikamwekea.

Aliruka akapiga kelele, kiti kikaanguka.

"Umeniunguza! Nani alisema ile maji iko muzuri?"

Nilifungua kinywa. Mimi niliyekuwa siwezi kumsalimu mtu bila kuinama, siku ile jibu lilitoka upesi.

"Titilere."

Mlinzi akampiga kwa kitako cha bunduki, kwenye sikio la kushoto. Titilere akalala ubavu kwenye saruji. Nilidhani amekufa. Damu ilimtoka sikioni, nyembamba, ikashuka shingoni. Halafu akasema kutoka chini pale pale:

"Ni mimi, mukubwa. Mutoto hana kosa." Akanitazama. "Pima, mutoto. Uanze tena."

Nilipoza maji. Nikahesabu mpaka tano. Nikaweka kitambaa kwenye kope yangu, nikiwa nimefumba macho mbele ya bunduki. Halafu dakika kumi juu ya macho ya komanda, huku nikisikia Titilere anavyovuta pumzi mlangoni. Nikasugua kope. Nikamalizia kwa kitambaa cha mtungini, kwa ajili ya ngozi niliyoiunguza. Komanda akapepesa, akatazama dirisha, akapepesa tena.

"Kesho," alisema.

Alirudi siku sita, kisha kundi lake likaondoka mjini. Katika daftari langu niliandika: *Leo askari walimuumiza Titilere.* Sikuandika zaidi.

Baada ya vita nilisomea uuguzi. Nikatumwa Kibombo, chini ya mkuu wa kituo aliyependa usafi kuliko watu, kisha nikarudi Kindu. Wanafunzi wangu walinicheka kwa kupima vitambaa mara tatu. Leo vijana wanakuja na macho makavu ya simu na vumbi la pikipiki, na wengi hawawezi kufumba macho dakika kumi bila kuuliza zimebaki ngapi. Ninyi mnaoanza, wavumilieni. Kazi hii ni ndogo, ila mtu akikufumbia macho amekupa kitu kikubwa.

Mgongo uliponikatalia kazi, walinifanyia sherehe ya kuniaga. Daktari mkuu wa zone ya afya akasema, "Huyu mama, toka aanze, hajaunguza mugonjwa hata mumoja." Watu wakapiga makofi. Titilere alikaa mbele, mzee sasa. Sikio la kushoto lilikufa siku ya komanda, la kulia limemfuata kwa uzee. Hakusikia neno. Aliona mikono ya wengine, naye akapiga makofi.

Sikulala vizuri wiki ile. Jumamosi nikaenda kwake, mtaa wa Mikelenge.

"Titilere, siku ya komanda, kosa lilikuwa langu."

"Nini?"

Nikapaza sauti. Jirani aliyekuwa akipepeta mchele akasimamisha ungo.

"Sikupima kitambaa! Halafu nikasema ni wewe!"

Mzee akageuza kiti chake, akaniletea sikio la kulia.

"Sema tena, mutoto. Sijapata yote."

Sijui kama kweli hakusikia. Watu walikuwa wameanza kusogea kwenye ua. Nikavuta pumzi, nikasema tena tangu mwanzo, kwa nguvu, mpaka waliokuwa barabarani wakasikia.